Siku ya Kupumzika ya Mlinzi: Mafunzo Niliyopata kwa Kuajiri Watu Mara

Nina nyumba ya wageni Musoma, duka la vifaa vya ujenzi Bunda na mashine ya kusaga Butiama. Wafanyakazi wote hawafiki kumi. Kwa miaka mingi niliamini sheria za kazi ni za viwanda vya samaki na migodi, si za mama kama mimi.

1. Sheria ikikaa kimya, mwajiri husinzia

Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Julai 2013 ilidumu mpaka mwisho wa 2022. Miaka tisa na nusu! Ikaja nyingine Januari 2023, na hatujatulia, ya Januari 2026 ikapandisha wastani wa sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Huo ni wastani tu. Kila sekta ina kiwango chake, kwa hiyo mwenye biashara tatu asome mara tatu.

2. Mwalimu wangu alikuwa mlinzi

Mzee aliyelinda duka la Bunda aliingia saa 12 jioni, akatoka saa 12 asubuhi, siku zote saba. Asubuhi moja alinikabidhi funguo, akauliza: "Mwanangu, hivi siku yangu ya kupumzika ni ipi?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, nikapiga hesabu. Alifanya kazi saa 84 kwa wiki, wakati za kawaida ni 45, na za ziada hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Sikuwa nimelipa chochote kati ya hivyo. Nilikuwa nikihofia sheria mpya, kumbe hata ya zamani sijaitimiza, na aliyeumia ni mzee wa watu.

Nilimlipa malimbikizo yake kwa awamu, nikaajiri mlinzi wa pili. Sasa wanapokezana, usiku mmoja huyu, wa pili yule, na saa tatu za ziada za kila zamu zinaandikwa daftarini.

3. Si kila badiliko ni mzigo

Julai 2021 mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 10 aliondolewa tozo ya ufundi stadi. Awali kikomo kilikuwa wanne. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao ulishuka kutoka asilimia 1 hadi 0.6, kisha 0.5. Tangu hapo kalenda yangu ina duara kwenye tarehe 1 Julai, Sheria ya Fedha inapoanza, na tarehe 1 Januari. Hazitoshi, maana marekebisho ya 2025, yaliyomwongezea likizo mama aliyejifungua mtoto njiti, hayakuzisubiri.

4. Karatasi ionekane

Mkataba wa mdomo humlemea mwajiri: mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yeye ndiye wa kuthibitisha masharti ya kazi. Sheria inataka pia haki za wafanyakazi zibandikwe mahali pa wazi. Butiama karatasi yenyewe niliibandika karibu na mashine, unga ukaifunika, nikaihamishia mlangoni. Siku umeme ulipokatika, kijana wa mashine aliwasomea wenzake kwa sauti. Alipofika kwenye siku 28 za likizo alinigeukia: "Mama, mimi zangu za mwaka jana?"

Nilichukua daftari, tukaanza kuhesabu.