Vidokezo 8 vya Kulala na Joto Garini Lushoto

Ukipanda kutoka Mombo na fulana peke yake, Lushoto itakutia adabu. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na barabara ikiendelea kupanda kuelekea Magamba na Shume, baridi nayo inazidi kukaza. Kati ya Juni na Agosti, kipupwe kinapokolea, nyuzijoto za usiku huko juu hushuka chini ya 10. Kwa nyinyi mnaosafiri na kipanya kilichong'olewa viti kikawekwa kitanda, hita ndogo ya gesi inafaa sana, ilimradi iwake mkiwa macho.

1. Egesha kungali mchana. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku huteremkia mabondeni na kutuama humo. Kwa hiyo mteremkoni ni afadhali kuliko kando ya kijito. Ukingoni Irente macho yanafaidi, ila upepo hauna huruma: piga picha, kisha rudi nyuma penye miti. Elekeza kioo cha mbele mashariki, jua la asubuhi likupashie gari bure.

2. Jiko la mkaa lisiingie ndani. Hata likiwa na vikaa viwili vya mwisho. Mkaa uliokolea hautoi moshi, na hapo ndipo watu hudanganyika: unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoizuia damu kubeba oksijeni. Aliyelala haikohoi, anazidi tu kulala.

3. Nunua hita inayoruhusiwa kutumika ndani. Iwe inajizima ikipinduka, na inajizima oksijeni ikipungua. Plate ya kupikia si hita. Fahamu pia kwamba baadhi ya hita za aina hii huweza kujizima zenyewe ukivuka mita 2,100 hivi, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi, na vilele vya Magamba vinafika huko. Ikizima, usimwite fundi akufungulie kizuizi, vuta blanketi.

4. Acha dirisha wazi kidogo. Mawili ni bora zaidi, moja kila upande. Kilo moja ya gesi inapoungua hula hewa zaidi ya mita za ujazo 12, na ndani ya Hiace hakuna hewa ya kiasi hicho. Kilo hiyohiyo hutoa mvuke wa kama lita moja na nusu ya maji. Ukijifungia, vioo vitatiririka, godoro litanyonya unyevu, na utaamka unatetemeka ndani ya blanketi bichi.

5. Mtungi wa kilo 6 unatosha. Usimame wima na ufungwe usiyumbe kwenye kona. Kagua maungio kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti: povu likitoa mapovu, gesi inavuja. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa sakafuni. Ukisikia harufu yake, usiwashe taa wala injini. Fungua milango, toka nje, funga mtungi ukiweza kuufikia.

6. Pasha, zima, lala. Nusu saa kabla ya kulala inatosha. Zima hita, kisha funga na mtungi wenyewe. Zamu ya usiku waachie wengine: chemsha maji nje, tia kwenye chupa imara ya mpira, ivishe soksi, iweke miguuni. Chini ya godoro tandika maboksi yaliyokunjuliwa na mkeka, maana baridi nyingi hupandia sakafuni. Ziba kioo cha mbele kwa blanketi zito. Kofia ya sufu na sweta kavu utavipata kwenye mitumba sokoni kwa bei ya maelewano.

7. Kichwa kikiuma, toka kwanza. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu ni rahisi kuvidhania uchovu wa safari. Mkivipata wote kwa pamoja, laumuni hewa. Tokeni nje, kisha nendeni hospitali hata kama mmepata nafuu. Kengele ya kugundua kaboni monoksidi ifungwe usawa wa kitanda, na ijaribiwe kabla ya kuondoka nyumbani.

8. Funga gesi kabla ya kuwasha gari. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita zaidi ya 30 za kona kupitia Soni, na hita iliyoachwa juu ya kitanda haitabaki juu ya kitanda. Iache ipoe, ifungie sandukuni, na sweta liweke karibu na mkono. Mkifika Mombo mtagombania kulivua.