Kuhamisha Krediti: Mwongozo kwa Mfanyakazi Anayerudi Chuo Kikuu

Wafanyakazi wengi wanaorudi chuo kikuu hawarudi mikono mitupu. Yupo mwalimu aliyesoma shahada miaka miwili akakatiza kwa kukosa ada, yupo mhasibu aliyeanza masomo Nairobi kisha akahamishiwa kazi Mwanza, na yupo muuguzi mwenye stashahada anayetaka kusonga mbele. Wote wana swali moja: masomo waliyokwisha kufaulu yatahesabiwa? Jibu halitokani na huruma ya msajili wala urefu wa utumishi wa mwombaji. Chuo hutoa krediti pale mwombaji anapothibitisha kwamba alichojifunza kwingine kinalingana na kile ambacho chuo hicho kingemfundisha.

Maana ya krediti na ngazi ya masomo

Katika mfumo wa Tanzania unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza. Saa hizo hujumuisha mihadhara, semina, mazoezi, kujisomea na mitihani. Mwaka kamili una krediti 120, hivyo shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360.

Hata hivyo, wingi wa krediti hautoshi bila ngazi. Katika mfumo wa tuzo unaosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), stashahada ya kawaida ni ngazi ya 6, stashahada ya juu ni ya 7 na shahada ya kwanza ni ya 8. Ndiyo maana stashahada ya kawaida humfungulia mtu mlango wa udahili, lakini kwa kawaida haimpunguzii miaka ya shahada. Mwenye stashahada ya juu, au aliyesoma sehemu ya shahada kwingine, ana hoja yenye nguvu zaidi.

Mambo matatu hayana budi kutenganishwa mapema. Sifa ya udahili ni ruhusa ya kuingia kwenye programu. Msamaha wa somo humwondolea mwanafunzi wajibu wa kulisoma somo fulani. Katika baadhi ya vyuo hauambatani na krediti, na pengo linalobaki hujazwa kwa somo jingine. Uhamisho wa krediti huingiza krediti zenyewe katika hesabu ya kuhitimu. Barua inayosema tu kwamba mwombaji “amekubaliwa kwa kuzingatia masomo ya awali” haijaeleza ni lipi kati ya hayo matatu, na ufafanuzi uombwe kabla ya ada kulipwa.

Masomo yaliyosomwa nje ya nchi

Afrika Mashariki imepiga hatua. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao makuu Kampala, linasimamia mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu, na mwaka 2017 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza kanda hii kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Mfumo huo hurahisisha ulinganisho, lakini uamuzi wa kupokea krediti hubaki kwa chuo kinachotoa shahada.

Nje ya kanda, kipimo chenyewe hubadilika. Mfumo wa krediti wa Ulaya huhesabu krediti 60 kwa mwaka, kila moja ikiwa saa 25 hadi 30. Vyuo vingi vya Marekani huhesabu takriban 30 kwa mwaka, na shahada ya miaka minne hufikia karibu 120. Somo la krediti 12 nchini Tanzania ni sehemu ya kumi ya mwaka. Kwa kipimo hicho lingekuwa krediti 6 za Ulaya. Likipimwa kwa saa zake 120, hupata krediti 4 hadi 5 tu. Kwa hiyo mwombaji asijibadilishie krediti kwa kikokotoo chake. Aeleze saa, mgawo wa mwaka na ngazi, kisha aache chuo kitumie kanuni yake.

Mwenye tuzo ya shahada kutoka nje ya Tanzania huhitaji pia uthibitisho wa utambuzi na ulinganifu kutoka TCU. Tuzo za cheti na stashahada za ufundi hupelekwa NACTVET. Uthibitisho huo hueleza hadhi ya tuzo, lakini hauhamishi krediti wenyewe.

Kuandaa maombi

Maombi mazuri humwezesha mhadhiri anayeyapitia kuamua bila kubahatisha. Jalada linapaswa kuwa na transkripti rasmi, ikiwezekana ikitumwa moja kwa moja na chuo cha awali. Liwe pia na maelezo ya mfumo wa madaraja uliotumika, uthibitisho kwamba chuo kilikuwa na ithibati wakati wa masomo, na muhtasari wa kila kozi inayoombewa krediti. Muhtasari uwe wa mwaka ambao mwombaji alisoma, kwa kuwa mitaala hubadilika huku jina la kozi likibaki lilelile. Nyaraka zilizo katika lugha nyingine ziambatane na tafsiri iliyothibitishwa, na majina yanayotofautiana yaelezwe kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina.

Chukua mfano wa somo la Uhasibu wa Gharama. Mwombaji aweke mihtasari miwili sambamba, wa chuo cha awali na wa chuo kipya, kisha alinganishe mada kwa mada: uainishaji wa gharama, gharama za kazi na za mchakato, bajeti, gharama sanifu na uchambuzi wa tofauti. Ikiwa ule wa awali uliishia kwenye bajeti, pengo litajwe wazi na ushahidi mwingine uoneshwe, kama kozi ya baadaye iliyofundisha sehemu hiyo. Pengo ambalo mwombaji amelitaja mwenyewe hujadilika; lililofichwa likigunduliwa hutia shaka jalada zima.

Kanuni za kila chuo zisomwe kabla ya kujaza fomu. Vyuo huweka ukomo wa krediti zinazopokewa, daraja la chini la ufaulu, na umri wa masomo, hasa katika fani zinazobadilika haraka kama teknolojia ya habari. Vingi hutaka masomo ya mwaka wa mwisho na mradi wa utafiti vifanyike hapo hapo. Ni muhimu pia kujua kama alama zilizohamishwa zitaingia kwenye wastani wa ufaulu, kwa kuwa jambo hilo linagusa daraja la shahada.

Uadilifu na haki

Mwombaji ana wajibu wa kutaja vyuo vyote alivyosoma, kikiwamo kile alikoondolewa kwa kufeli au kwa nidhamu. Kuomba krediti zilizokwisha kutumika kupata tuzo nyingine bila kulieleza hilo ni udanganyifu. Kughushi transkripti ni kosa la jinai, na shahada iliyopatikana kwa njia hiyo inaweza kufutwa hata baada ya miaka mingi ya utumishi. Dalali anayeahidi kuharakisha uamuzi asipewe fedha wala nyaraka.

Chuo nacho kina wajibu. Mwombaji anastahili kanuni zilizo wazi, muda unaojulikana wa kushughulikiwa, uamuzi wa maandishi unaoeleza kila somo lililokubaliwa au kukataliwa pamoja na sababu, na njia ya rufaa. Rufaa inayosikilizwa ni ile inayojibu sababu iliyotolewa: ikiwa sababu ni upungufu wa maudhui, mwombaji apeleke ushahidi wa maudhui, kwa kuwa barua ya malalamiko kuhusu ada iliyopotea haitabadili uamuzi.

Mamlaka ya chuo yana mpaka wake. Bodi ya kitaaluma, kama ile ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu au ya wahandisi, ina taratibu zake za mitihani, misamaha na usajili. Krediti iliyokubaliwa na chuo haiilazimu bodi, na msamaha wa bodi haukilazimu chuo. Mfanyakazi athibitishe pande zote mbili kabla ya kuchagua programu, na apate ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri kwa kuzingatia muda halisi utakaobaki.

Baada ya uamuzi

Krediti zikikubaliwa, kazi haijaisha. Mwanafunzi aombe mpango wa masomo uliosainiwa na idara, unaoonesha krediti zilizopokewa, masomo yaliyobaki na muhula ambao kila moja litafundishwa, kisha ahakikishe krediti hizo zinaonekana kwenye kumbukumbu zake katika mfumo wa chuo. Afanye ukaguzi huo mwanzoni mwa kila mwaka. Krediti isiyoingizwa huweza kujulikana wakati orodha ya wahitimu inapoandaliwa kwa ajili ya seneti, na wakati huo marekebisho yanaweza kumgharimu mwaka mzima. Barua ya uamuzi na mpango uliosainiwa vitunzwe pamoja na barua ya udahili hadi siku shahada itakapotolewa.