Mtoto na Dawa ya Usingizi: Maelezo kwa Wazazi wa Mumbuni

Mzazi wa Mumbuni aliyeambiwa katika Hospitali ya Machakos Level 5 kwamba mwanawe atapasuliwa ngiri au atatolewa tonsili, ukimsikiliza kwa makini utaona ya kuwa kisu hakimtishi kama ile dawa ya usingizi, nusukaputi, kwa khofu kwamba mtoto akilazwa huenda asiamke. Khofu hiyo si ya kupuuzwa. Madhara makubwa yapo, ijapokuwa kwa mtoto mwenye siha, akiwa mikononi mwa mtaalamu aliyehitimu na kipimo cha oksijeni kikiwa kidoleni, ni nadra. Na njia mojawapo kubwa ya kuyaepuka ni mzazi kusema kweli yote anapoulizwa.

Kwanza chakula. Dawa hii hulegeza kinga ya koo, hata kilichomo tumboni kikipanda huweza kuingia mapafuni na kuhatarisha uhai. Ndiyo maana mtoto aliyepangiwa saa 2 asubuhi hapewi mlo baada ya saa 8 usiku, na uji, chai ya maziwa na maziwa ya ng'ombe vyote ni mlo, maziwa ya mama yakikoma saa 10 na maji matupu saa 12 alfajiri, isipokuwa hospitali imeagiza vingine. Kumfungisha tangu magharibi si hadhari, bali ni kumdhoofisha bure, kwani sukari ya damu ya mtoto mdogo hushuka upesi. Ikiwa nyanya yake, kwa huruma, amemnywesha kikombe cha uji alfajiri, semeni. Kuahirishwa ni hasara ya nauli, na nauli hutafutika.

Mafua ndiyo yafichwayo mno, hasa katika baridi ya Julai, kwa kuwa aliyengoja nafasi kwa miezi huona uchungu kurudishwa nyumbani. Lakini koo lililowashwa na mafua huweza kujibana ghafula mtoto akiwa usingizini, na kwa kuwa mwili wake hutumia oksijeni haraka kuliko wetu, midomo hubadilika rangi kwa muda mfupi sana. Daktari akiahirisha kwa majuma 2 au zaidi, asidhaniwe mkaidi. Tajeni pia pumu, selimundu, dawa za mitishamba, jino linalotikisika, maana huweza kung'oka na kuingia njia ya pumzi, na jamaa wa damu aliyepatwa na joto kali au aliyefariki chini ya nusukaputi, hata kama nyumbani jambo hilo halizungumzwi.

Kuhusu akili ya mtoto, mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa hii huenda ikaathiri ubongo wa watoto wa chini ya miaka 3 wanaolazwa nayo zaidi ya saa 3 au mara kwa mara. Ila utafiti wa mwaka 2019, uliofuatilia hadi umri wa miaka 5 watoto waliopasuliwa ngiri wakiwa wachanga, haukuona tofauti ya akili baina ya waliolazwa kwa muda usiozidi sana saa 1 na waliotiwa ganzi tu. Operesheni ya lazima, basi, isicheleweshwe kwa sababu hiyo.

Mtoto akizinduka, hasa wa miaka 2 hadi 5, huenda akalia, akapiga mateke, asimtambue hata mama yake. Inatisha kutazama, lakini aghalabu hupita katika nusu saa, nanyi mshikeni kwa upole asijiumize. Kutapika kidogo, kutetemeka na koo kuuma ni kawaida. Aanze na maji kidogokidogo, muthokoi ungoje. Lakini akipumua kwa shida, akitapika bila kukoma, akitoka damu, au akiwa haamshiki vyema, mrudisheni hospitali saa ileile, ingawa ni usiku wa manane.