Usipoziba Ufa: Somo la Kutengeneza Nyumba Kongwe kwa Mikono Yetu

Ndugu wanachama, msimu wa karafuu ukimalizika na fedha zikaingia mkononi, jambo la kwanza wanalolifikiria wengi wetu ni nyumba. Huyu ataka kuondoa makuti na kuweka bati, yule ataka kupiga lipu upya chumba cha mbele, na mwengine ataka sakafu ya saruji mahali pa udongo. Haya ni mambo ya kusifiwa. Lakini mara nyingi twaona kwamba lipu iliyopigwa kwa furaha mwaka huu huwa imebanduka kabla ya masika mawili kupita, na mwenye nyumba husema, "Saruji ya siku hizi si nzuri." Katika somo hili twataka kuonyesha ya kwamba saruji haina kosa. Kosa ni kuiweka mahali pasipo pake.

Jambo hili latuhusu sisi wakulima wa karafuu kuliko watu wengine, kwa sababu kwa wengi wetu nyumba ndiyo ghala. Karafuu zilizokaushwa vizuri juani, zikiwekwa kwenye chumba chenye ukuta wa maji maji, hunywa unyevu, zikaota ukungu na kupoteza daraja lake sokoni. Ufa mdogo wa ukutani waweza kula jasho la msimu mzima.

UKUTA WA ZAMANI NA MAJI

Nyumba kongwe za visiwani ni za namna mbili. Za mjini, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, na dari zake zabebwa na boriti za mikoko. Nyingi za shamba ni za nguzo na fito zilizokandikwa udongo. Zote mbili zafanana kwa jambo moja: hazina kizuizi cha maji chini ya msingi. Maji ya ardhini hupanda ukutani kidogo kidogo, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Wazee walilijua jambo hilo. Hawakujaribu kuyafungia maji ndani. Waliuacha ukuta upumue. Maji yaliyopanda usiku yalitoka mchana kupitia lipu ya chokaa, yakaenda zake na upepo.

Sasa mtu aja na lipu ya saruji. Saruji ni ngumu, na haipitishi mvuke kwa wepesi kama chokaa. Maji yakifika nyuma yake hayana pa kutokea, basi hupanda juu zaidi kutafuta njia. Yanapokauka huacha chumvi, na chumvi hiyo ikigeuka chembe ngumu nyuma ya lipu huisukuma mpaka itoke kama ganda la yai. Tena ukuta wa udongo hujongea kidogo kwa joto na kwa mvua, lakini saruji haikubali kujongea; hupasuka. Mvua ya pembeni huingia kwenye nyufa hizo, ikanasa ndani. Hatari kubwa kuliko zote huwa haionekani kwa macho: ncha za boriti na nguzo zilizofichwa ukutani huoza kimya kimya, na mchwa hupenda sana mti uliolowa.

CHOKAA NI NINI

Chokaa ni jiwe lililopikwa. Matumbawe yakichomwa tanuuni kwa moto mkali, kiasi cha daraja 900 za sentigredi, hutoa hewa iliyomo ndani yake. Kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 tu za chokaa mbichi. Chokaa hiyo ikitiwa maji huchemka na kupasuka kwa kishindo. Huko ndiko kuizima. Ikisha pigwa ukutani, hurudisha polepole ile hewa iliyoitoa tanuuni, ikawa jiwe tena. Ndiyo maana chokaa haitaki haraka. Saruji hushika kwa saa chache, lakini chokaa huchukua wiki nyingi.

WENZETU WA BARA

Mtu asidhani kwamba somo hili ni la pwani peke yake. Chukua mfano wa Kerende, wilayani Tarime katika mkoa wa Mara. Kule hakuna matumbawe wala mikoko, na bahari iko mbali sana. Lakini hesabu ya maji ni ile ile. Wakurya wa nchi ile, kwa kuwa ni wafugaji, kwa miaka mingi wamekandika nyumba zao kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Nyuzi za majani zilizomo ndani ya samadi huushika udongo usipasuke unapokauka, na ukuta hubaki ukipumua. Mwenye nyumba ya namna hiyo, awe Kerende au Wete, akipaka saruji juu ya udongo atapata ufa ule ule. Kila ukuta utengenezwe kwa kitu kilicho ndugu yake: udongo kwa udongo, chokaa kwa mawe ya chokaa, na saruji kwa matofali ya saruji.

NAMNA YA KUFANYA

1. Tafuta kwanza maji yatokako. Tazama paa, michirizi, na mtaro wa nje. Ikiwa ardhi ya nje imepanda juu kuliko sakafu ya ndani, ichimbe iondoke. Kupiga lipu kabla ya kuziba paa ni kutupa fedha.

2. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama ngoma, lipu imeachana na ukuta, iondoe. Panapolia mzito, paache.

3. Chagua mchanga wa shimo, wenye chembe kali. Mchanga wa pwani una chumvi, usiutumie.

4. Changanya kipimo kimoja cha chokaa iliyozimwa na vipimo vitatu vya mchanga. Chokaa iliyokaa majini majuma kadhaa ni bora kuliko iliyozimwa jana.

5. Lowesha ukuta kabla ya kupiga. Ukuta mkavu huinyonya lipu maji yake kabla haijashika.

6. Piga tabaka nyembamba, zisizozidi nusu inchi kila moja, na ngoja ya kwanza iwe ngumu kabla ya kuweka ya pili. Kisha tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta kwa siku kadhaa, jua lisiukaushe kwa ghafla.

Kwa ukuta wa udongo, ondoa sehemu iliyokufa, lowesha, kisha kandika kwa udongo uliokanyagwa vizuri pamoja na majani makavu yaliyokatwa katwa.

Jihadharini na chokaa mbichi. Huunguza ngozi, na ikiingia jichoni yaweza kulipofua. Tia chokaa ndani ya maji, usimwage maji juu ya chokaa. Watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi papo hapo kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali.

VIKWAZO VIDOGO NA DAWA ZAKE

Nyufa nyembamba kama nywele zikitokea siku ya pili, lipu imekauka upesi mno au ni nene mno. Irushie maji na uisugue kwa ubao ingali laini. Ikitoka unga mkononi baada ya mwezi, chokaa ilikuwa chache au ilikosa maji. Ukitokea weupe wa chumvi, usiupake rangi. Upanguse kwa brashi kavu, mara kwa mara, mpaka ukome. Rangi ya mafuta juu ya ukuta mkongwe ni sawa na saruji: hufunga pumzi. Njia ya mchwa ikionekana kwenye nguzo, usiivunje tu ukaridhika. Toboa mti kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kwa wepesi, nguzo hiyo imekwisha.

MAHALI PA KUSIMAMA

Kuna kazi ya mwenye nyumba na kuna kazi ya fundi. Lipu, chokaa ya kupaka, mtaro na kukandika twaweza kuvifanya wenyewe pamoja na jamaa. Lakini ukuta ulioinama, boriti iliyooza, au ufa unaoingia kidole na kuendelea kupanuka, ni mambo ya mwashi anayejua. Tusisahau ya tarehe 25 Desemba 2020, siku sehemu kubwa ya Beit el Ajaib pale Forodhani, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilipoanguka hali matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafa. Ikiwa jumba la namna ile, lenye mafundi ndani yake, laweza kuanguka, basi mtu asiende kuvunja ukuta wa babu yake peke yake, kwa nyundo, bila ya kuweka miti ya kutegemeza.

Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali haikutaja ufa uzibwe kwa nini. Hilo limeachiwa akili ya mwenye nyumba.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, kila mwanachama ajiulize: Ukuta wangu ni wa kitu gani? Maji yanaingilia wapi, na yanatokea wapi? Chumba changu cha karafuu ni kikavu mpaka chini ya mkeka? Kazi hii itamalizika na kukauka kabla ya kuanza kuchuma? Mwenye kuyajibu maswali manne haya ameshafanya nusu ya kazi, wala hajatoa hata senti moja.