Kamukunji na Kura ya Wajumbe: Nani Humsemea Mwanafunzi?

Katika vyuo vikuu vyetu nchini Kenya, mkutano wa wanafunzi huitwa kamukunji, jina la uwanja wa Nairobi uliosifika kwa mikutano ya siasa, ukiwemo ule uliozimwa na serikali tarehe 7 Julai 1990. Neno hilo limebeba dhana nzima ya uongozi: kiongozi husimama mbele ya umma, huulizwa, na hujibu papo hapo. Makala hii inadhamiria kuonyesha jinsi dhana hiyo ilivyodhoofishwa.

Haki ya kuwa na chama haikupatikana kwa urahisi. SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilipigwa marufuku baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Mwenyekiti wake, Titus Adungosi, alifungwa na kufia gerezani mwaka 1988. Chama kilipofufuliwa, kilipigwa marufuku tena mwaka 1987.

Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 hayakupiga marufuku chama chochote. Yalibadilisha mpiga kura. Badala ya wanafunzi wote kumchagua mwenyekiti moja kwa moja, kila idara au kitivo kilitakiwa kuteua wajumbe watatu, nao wajumbe wakachagua baraza. Chuo chenye vitivo kumi kikifuata utaratibu huo kwa vitivo, wapiga kura ni thelathini tu! Watetezi wa sheria walitaja fujo, fedha na ukabila katika kampeni, na hoja yao haikuwa ya kubuni. Aidha, sharti kwamba mwenyekiti na naibu wake wawe wa jinsia tofauti linastahili sifa. Hata hivyo, ni rahisi zaidi kuwahonga watu thelathini kuliko kuwahonga elfu ishirini.

Tuchukue tatizo la alama zinazokosekana. Mwanafunzi amefanya mtihani, lakini matokeo yake hayaonekani. Mhadhiri anamwelekeza idarani, idara inamrudisha kwa mhadhiri, na orodha ya mahafali inachapishwa bila jina lake. Mwaka mzima unapotea, na pengine kazi aliyoahidiwa. Tatizo hili halizui mgomo kwa sababu kila mmoja huliteseka kivyake. Karo ikipanda wote hupiga kelele. Alama zikipotea mtu hulia peke yake chumbani. Hapa ndipo chama kinapohitajika zaidi, na ndipo kiongozi asiyedaiwa kura na mwanafunzi huyo anapokosa sababu ya kumfuatilia.

Tunapendekeza wajumbe wa kila idara waitishe kamukunji kabla ya kupiga kura, waorodheshe malalamiko, na wamtake kila mgombea ajibu kwa maandishi. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa idara, kwa Kiswahili, lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Muhula ukiisha, wajumbe hao hao wahesabu ni majina mangapi yameondolewa humo.