MGENI NJOO, MWENYEJI APONE
Fundisho juu ya wajibu wa raia kupiga kura



Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aje atawale nyumba, wala amchagulie mwenyeji marafiki. Walijua kwamba jicho la mgeni huweza kuona lile ambalo mwenyeji amelizoea hata halioni tena. Kwa ruhusa hiyo ya wahenga, na kwa ruhusa ya Mhariri, naomba kusema neno juu ya kura, mimi nisiye na kura.

Nilizaliwa Italia, nakaa Kenya. Kifungu cha 38 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 champa kila raia aliye mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura ya siri. Mimi hakinipi haki hiyo, na ni sawa kisinipe. Nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliohamishwa Babeli kwamba wautakie mema mji ule na kuuombea, kwa kuwa amani ya mji ingekuwa amani yao. Kuombea ndilo fungu la mgeni. Kuchagua ni fungu la mwenye nyumba. Basi sitataja chama ninachokipenda wala mgombea ninayemtaka. Nataka kuonya juu ya jambo moja tu: raia abakiye nyumbani siku ya uchaguzi hadhani kwamba ameamua lolote, kumbe ameamua.

Nchi niliyozaliwa ilijifunza thamani ya kura kwa safari ndefu. Mwaka 1870 majeshi ya Mfalme yaliiteka Roma, mji wa Papa. Kwa sababu ya ugomvi huo Wakatoliki waliagizwa wasishiriki katika uchaguzi wa Bunge. Agizo hilo lilikuwa na sababu zake, nami si mwamuzi wake. Lakini Bunge halikufungwa milango kwa kuwa Wakatoliki hawakuja. Lilikaa, likatunga sheria za shule na za mali za mashirika ya kitawa, nao waliobaki nje wakatakiwa kuzitii kama wengine wote. Papa Pio X alilegeza agizo hilo mwaka 1905, na Papa Benedikto XV akaliondoa kabisa mwaka 1919. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1922, Mussolini alishika utawala, na kwa muda mfupi vyama vingine vyote vikapigwa marufuku. Mwaka 1929 watu waliitwa tena kupiga kura, lakini orodha ya majina ilikuwa moja tu. Wakaulizwa Ndiyo au Hapana, na siri ya kura haikulindwa. Hivyo kizazi kizima kikakua bila kujua kuchagua ni kitu gani.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, tarehe 2 Juni 1946, Waitalia waliulizwa kama wataka mfalme au jamhuri. Wanawake walishiriki katika uchaguzi wa taifa kwa mara ya kwanza. Kati ya kila watu 100 wenye haki, 89 walifika. Na katika uchaguzi wa Bunge wa Aprili 1948 walifika 92. Mwenye kiu hahitaji kuhubiriwa juu ya maji. Lakini kizazi kilichoijua kiu hiyo kikapita, na watoto wao wakazaliwa kisimani. Tarehe 25 Septemba 2022 hawakufika hata 64 kati ya 100.

Mwezi mmoja na nusu kabla ya siku hiyo, tarehe 9 Agosti 2022, Kenya nayo ilichagua. Mwaka 2013 walikuwa wamefika watu 86 kati ya kila 100 walioandikishwa. Mwaka 2022 walifika 65 tu. Ugonjwa ni ule ule, nao hauchagui bara. Ndiyo maana nazungumza kama mtu aliyeuona nyumbani kwao kwanza.

Sasa tuyapime maneno ambayo watu husema wanapokataa kwenda kituoni.

Neno la kwanza ni hili: “Kura yangu moja yafaa nini?” Natujibu kwa hesabu. Katika uchaguzi huo wa 2022, mshindi wa urais alimpita aliyemfuata kwa kura 233,211. Vituo vya kupigia kura vilikuwa zaidi ya 46,000. Ukigawanya tofauti hiyo kwa vituo vyote, wapata kama kura 5 kwa kila kituo. Na walioandikishwa wasitokee walikuwa zaidi ya milioni 7 na nusu, yaani zaidi ya 160 kwa kila kituo. Kura 5 ziliamua. Watu 160 walikuwa nyumbani. Tena Katiba, kifungu cha 138, yamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Imesema kura zilizopigwa. Asiyepiga hawekwi upande wa wanaokataa. Huondolewa tu katika hesabu, na walio wachache wakaamua kwa niaba yake. Simlaumu mshindi, maana hesabu ingekuwa ile ile hata kama angeshinda mwenzake.

Neno la pili: “Siasa ni uchafu, mimi ni mtu wa sala.” Msomaji na afungue Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, asome mfano wa Yotamu. Miti ilikwenda kutafuta mfalme. Mzeituni ulikataa kuacha mafuta yake, mtini ukakataa kuacha utamu wake, mzabibu ukakataa kuacha divai yake. Mwisho mti wa miiba ukakubali, nao ukaanza kwa vitisho vya moto. Tuangalie vema: miti mizuri haikutenda uovu wowote. Ilikaa pembeni tu, kila mmoja akitunza wema wake. Wema wa pembeni ndio uliompa mwiba kiti cha enzi.

Neno la tatu ndilo zito kuliko yote: “Kura huibwa.” Hili silidharau, kwa kuwa lina historia. Mwaka 1988 wapiga kura wa Kenya walipangwa mlolongo hadharani nyuma ya mawakala wa wagombea, na mahali pengine mwenye mlolongo mfupi akatangazwa mshindi. Lakini mlolongo uliondolewa, na haukuondoka wenyewe. Uliondolewa kwa sababu raia, na miongoni mwao maaskofu na wachungaji, hawakunyamaza. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais. Na mwaka 2022 fomu za matokeo ya kila kituo, zile ziitwazo 34A, ziliwekwa wazi, hata mwananchi yeyote akaweza kuzijumlisha mwenyewe. Mkulima akiibiwa mahindi haachi kulima. Huweka mlinzi shambani. Vivyo hivyo hofu ya wizi yatutaka tupige kura kisha tuilinde kwa amani: kuwa wakala, kusoma fomu iliyobandikwa mlangoni, kwenda mahakamani penye shaka. Kituo kisicho na watu ndicho rahisi kuibiwa.

Yupo na mwizi mwingine ambaye mwenyeji humfungulia mlango mwenyewe. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa mlo wa dengu. Akashiba jioni moja, akalia baadaye. Auzaye kura yake kwa noti moja atende hesabu: noti hiyo, igawe kwa siku za miaka 5.

Kwa vijana nina neno la pekee. Mwezi wa Juni 2024, wabunge 195 waliukubali Mswada wa Fedha na 106 wakaukataa. Vijana walijaa barabarani, damu ikamwagika, na Rais akakataa kuutia sahihi. Mungu awarehemu waliokufa. Lakini wabunge wale hawakuanguka kutoka mbinguni. Walipelekwa Bungeni mwaka 2022, uchaguzi ambao Tume yenyewe ilisema vijana walioandikishwa walikuwa wachache kuliko mwaka 2017. Karatasi ya kura haimwagi damu ya mtu. Yafaa itangulie mbele ya barabara.

Kanisa latufundisha nini? Tarehe 10 Machi 1948 Papa Pio XII aliwaambia maparoko wa Roma kwamba kupiga kura ni wajibu mkubwa wa kila mwenye haki hiyo, mwanamume na mwanamke. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwakumbusha raia wote haki na wajibu wa kuitumia kura yao huru kwa manufaa ya wote. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, yaiweka kura pamoja na kulipa kodi na kuilinda nchi: mambo matatu yenye uzito wa dhamiri. Kanisa halimwambii mtu amchague nani. Lamwambia asiuzike talanta yake ardhini.

Basi, ndugu raia, fanyeni haya. Andikishwa mapema, wala usingoje juma la mwisho. Siku ile utapewa karatasi 6: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Usiijue ya rais peke yake, kwa maana zahanati ya kijijini kwako na shule ya chekechea zimo mikononi mwa kaunti. Ulizia matendo ya mgombea kabla ya kuulizia kabila lake. Sali, kisha nenda.

Sisi wageni tutabaki nyumbani siku hiyo, kwa kuwa sheria yatutaka tubaki. Ninyi sheria yawaita.