Kujumlisha Polinomia: Mantiki ya Aljebra katika Hesabu ya Kiswahili

Nchini Kenya, Hisabati hufundishwa kwa Kiingereza katika shule za upili, na wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kuibeba aljebra. Makala haya yanalipima dai hilo kwa mada moja: ujumlishaji wa polinomia.

Polinomia, kama vile 3x² + 5x − 4, ni jumla ya vipengele. Vipengele huwa vya aina moja vinapokuwa na herufi ile ile yenye kipeo kile kile. Hivyo, 3x² na 2x² ni vya aina moja, ilhali 3x² na 5x sivyo. Namba zisizo na herufi huunda aina yake.

Kanuni hii imo tayari katika hesabu ya Kiswahili. Mia tatu na mia mbili ni mia tano: neno 'mia' halibadiliki, kinachojumlishwa ni 'tatu' na 'mbili'. Mamia hujumlishwa na mamia, makumi na makumi, mamoja na mamoja. Nayo mia ni kipeo cha pili cha kumi. Katika aljebra, x hushika nafasi ya kumi.

Chukua mfano huu:

(3x² + 5x − 4) + (2x² − 7x + 9)

Vipengele vya aina moja hukusanywa:

(3 + 2)x² + (5 − 7)x + (−4 + 9) = 5x² − 2x + 5

Hata hivyo, ipo tofauti ya kimsingi. Makumi kumi huwa mia moja, lakini 6x + 4x hubakia 10x. Haiwezi kugeuzwa kuwa x² kwa kuwa thamani ya x haijulikani. Kwa sababu iyo hiyo, ni kosa kuandika 3x² + 5x = 8x³. Iwapo x ni 2, upande wa kushoto ni 22, wa kulia ni 64.

Aghalabu wanafunzi huambiwa kuwa x ni embe. Mfano huo hupotosha, kwani embe halina kipeo. X ni namba.

Katika shule za msingi za umma nchini Tanzania, 'kipeo cha pili' ni istilahi ya kawaida darasani. Kwa hivyo, kinachokosekana nchini Kenya si uwezo wa lugha. Ni istilahi zilizosanifiwa kwa pamoja na wanaisimu na walimu wa Hisabati, kisha zikatumiwa.